Zebaki Wawili wa Damiani Mughwai

Damiani Mughwai alijifunza kusoma kwa kuosha chupa. Aliajiriwa katika shule ya mapadre, mwendo wa nusu siku kutoka kwao Issuna, mwaka 1951, akiwa kijana aliyeonja darasa la pili tu kabla njaa haijamrudisha nyumbani. Alipewa ndoo, brashi, na chumba chenye harufu ya kukausha pua. Chumba hicho ndicho kilichoitwa maabara. Kazi yake ilikuwa kusafisha vyombo walivyochafua wanafunzi na kurudisha chupa kwenye rafu. Hakuna aliyemwambia asome kilichoandikwa juu ya chupa hizo. Alikisoma kwa sababu alikishika mkononi kuanzia asubuhi hadi jioni, na hakuwa na kitabu kingine.

Vitu vingi mle ndani alivijua tangu utoto. Magadi aliyajua, mrututu aliujua kwa kuwapaka mbuzi vidonda, chokaa, chumvi na shabu pia. Kilichomshangaza ni majina yao mengine, yale ya herufi mbilimbili na tarakimu ndogo zilizoketi miguuni mwa herufi. Aliona kwamba chumvi na magadi wote walikuwa na Na. Aliona kwamba palipo na shaba pana Cu. Lakini zile tarakimu ndogo zilimsumbua. Nani aliamua kwamba huyu awe mmoja na yule wawili?

Padre mmoja mzee, aliyefundisha kemia huku akikohoa, alimjibu siku moja kwa maneno machache. Kila kitu kina idadi yake ya kutoa au kupokea. Metali hutoa, wenzao hupokea, na kinachotolewa lazima kilingane na kinachopokelewa, kisizidi, kisipungue. Walimu wa siku hizi wanaiita namba ya oksidisho, na wanafunzi wao wanaikariri usiku wa kuamkia mtihani na kuisahau mchana wake. Padre alipomaliza kusema alikwenda kusali. Yaliyobaki Damiani aliyatafuta mwenyewe.

Aliyapata nyumbani kwao, alipokwenda likizo, akimtazama mkewe Martha akifunga ndama.

Wakati ule watu walikuwa bado wanajua kufunga ndama. Jioni ndama waliingizwa ndani ya nyumba ya tembe, wakafungwa kwenye vigingi vilivyochomekwa kando ya ukuta. Kigingi chembamba kilikatwa chale moja, kikashika kamba moja. Kigingi kinene kilikatwa chale mbili au tatu. Ndama mtulivu alifungwa kamba moja ya shingo, na ndama mkorofi kamba mbili, ya shingo na ya mguu. Mwanamke aliyejua kazi yake hakuacha kamba ikiburuzika, maana kamba inayoburuzika ilimaanisha ndama amenyonya usiku na asubuhi hakuna maziwa. Wala hakuacha chale wazi, maana mti wa kigingi ulitoka mbali.

Damiani alisimama mlangoni akasahau hata kuingia.

"Mbona unanitazama hivyo?" Martha alimwuliza. "Hujawahi kuona mke?"

"Nimeona natiri," alijibu.

"Huyo natiri ni nani? Ni wa huko shuleni?" Martha alikasirika, na ilimchukua Damiani jioni nzima kumweleza kwamba natiri si mwanamke.

Natiri, yule Na wa chumvi na magadi, alikuwa kigingi cha chale moja, na klorini ndama wa kamba moja. Mmoja kwa mmoja: NaCl, chumvi. Kalsiamu alikuwa na chale mbili, alumini tatu, na oksijeni ndiye ndama mkorofi wa kamba mbili. Basi alumini na oksijeni wafungweje? Kigingi kimoja na ndama mmoja, chale moja inabaki wazi. Ukiongeza ndama wa pili, kamba moja inaburuzika. Lazima vigingi viwili, chale sita, na ndama watatu, kamba sita. Damiani aliporudi shuleni alikwenda moja kwa moja rafuni akatazama chupa ya alumini. Ilisema Al₂O₃. Alicheka peke yake hadi padre akachungulia dirishani.

Njia ile ilimtosha kwa karibu kila chupa. Salfati haikuwa ndama mmoja, ilikuwa familia nzima, salfa mmoja na oksijeni wanne, wenye kamba mbili tu zinazoning'inia nje. Ukitaka watatu wa namna hiyo lazima uwajengee zizi kwanza, ndipo uandike tatu nje ya zizi: Al₂(SO₄)₃. Mabano ndiyo zizi. Chuma alikuwa kigeugeu, mara chale mbili, mara tatu, na hukuweza kumjua kwa kumtazama usoni. Ulihesabu kamba za ndama aliowashika, ukajua leo ameamkaje.

Aliyemshinda alikuwa zebaki. Zilikuwapo chupa mbili za unga mweupe, zinazofanana kama mayai. Moja iliandikwa HgCl₂, nayo ilikuwa sumu ambayo kidogo tu humaliza mtu. Nyingine iliandikwa Hg₂Cl₂, na hiyo ni kalomeli, dawa ya tumbo waliyokuwa wakipewa watu zahanati enzi hizo. Ya kwanza ilieleweka: chale mbili, ndama wawili. Ya pili ilimnyima raha. Kama ni wawili kwa wawili, kwa nini isiandikwe mmoja kwa mmoja, kama ilivyo chokaa, ambapo kalsiamu na oksijeni hubaki CaO tu? Alikaa na swali hilo mwaka mzima. Jibu lilimjia alipoona mtamba mkali amefungwa shingo kwa shingo na ng'ombe mpole ili amzoeshe. Kila zebaki ana chale mbili, lakini hapa chale moja ameitumia kumshika mwenzake, na ya pili ndiyo iliyomshika klorini, ndiyo maana vitabuni anaitwa zebaki wa moja. Hawatembei mmoja mmoja. Ukiwapunguza umewavunja.

Kwa miaka kumi na tisa wanafunzi waliokwama darasani walizunguka nyuma ya maabara, ambako Damiani alikuwa amechomeka vigingi vya kweli na kamba za katani. Aliyekwama zaidi alikuwa Gasto, mtoto wa jirani yake wa Issuna, ambaye aliandika CaOH₂ bila zizi kwa muhula mzima. Damiani alimfundisha, na Martha, aliyekwisha kuhamia kwa mumewe shuleni, alimlisha. Gasto alimwita baba. Alifaulu, akaenda chuo cha ualimu, na mwaka 1970 alirudi pale pale kama mwalimu wa kemia.

Mwaka huo huo shule ilikuwa imechukuliwa na serikali. Sisemi kwamba halikuwa jambo jema. Nasema tu kwamba mapadre waliondoka na mkuu mpya akaja, Bwana Zefania, mtu wa miaka thelathini na minne aliyesoma historia na kuvaa suti ya mikono mifupi hata Jumapili. Alikuta kila mtu ana kazi na wachache wana vyeti. Akatangaza usaili. Nafasi ya Damiani ilipewa jina jipya, msaidizi wa maabara, na Damiani akaambiwa akifaulu atabaki na ufunguo, asipofaulu atarudi kwao. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alitaka ule ufunguo kuliko alivyowahi kutaka ng'ombe.

Alikwenda kwenye usaili na shati lililopigwa pasi. Mezani alikaa Bwana Zefania, kushoto kwake katibu wa shule, kulia kwake mwalimu Gasto.

"Ndugu Damiani, elimu yako?"

"Darasa la pili, bwana mkuu."

"La pili." Bwana Zefania aliandika polepole, akitamka anachoandika. "La... pili. Na unaomba kuwa msaidizi wa maabara."

"Ndiyo kazi ninayofanya, bwana mkuu. Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Umeosha chupa miaka kumi na tisa. Mke wangu ameosha vikombe tangu tuoane, na sijamwita mhandisi."

Katibu alicheka. Gasto naye alicheka, akitazama kucha zake.

Walimpa chaki. Mkuu alikuwa na karatasi yenye majina kumi na majibu aliyoyakokotoa mwenyewe jana yake, maana kemia aliisoma mpaka kidato cha nne na hakupenda kumwomba Gasto msaada. Alitamka, Damiani akaandika. Oksidi ya alumini. Salfati ya shaba. Haidroksidi ya kalsiamu, na zizi lake. Kloridi ya chuma, na hapo Damiani aligeuka akauliza kwa adabu, "Chuma yupi, bwana mkuu? Wa mbili au wa tatu?" Mkuu alitazama karatasi yake kwa muda, akasema, "Wa tatu." Katibu aliacha kucheka. Tisa zilipita, tisa zilikuwa sahihi, na uso wa Bwana Zefania ulizidi kukunjamana kwa kila moja.

"Ya kumi. Kloridi ya zebaki, yule wa moja."

Damiani aliandika Hg₂Cl₂.

Mkuu aliegemea kiti. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kutabasamu. "Rahisisha."

"Huyu harahisishwi, bwana mkuu."

"Mbili kwa mbili ni nini, ndugu? Hata darasa la pili wanajua."

"Ni moja kwa moja. Lakini hawa wameshikana. Kila zebaki amemshika mwenzake kwa chale moja, kama mtamba anavyofungwa shingo na ng'ombe mpole. Kamba ya klorini iko kwenye chale ya pili. Ukiwatenga..."

Hakumaliza. Katibu alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika. "Zebaki wamefungwa shingo!" alisema. "Mkuu, muulize kama wana pembe!"

"Muulize kama wanakamuliwa," alisema Bwana Zefania. Kisha akamgeukia Gasto. "Wewe ndiye mwenye somo. Zebaki hufungwa shingo?"

Gasto alijua. Alijua tangu kidato cha pili, nyuma ya maabara, kamba ya katani ikiwa mkononi mwake. Lakini barua ya kumpendekeza kwenda chuo kikuu ilikuwa mezani kwa mkuu, haijatiwa sahihi, na mkuu alikuwa amekwisha kumdokeza kwamba ana mpwa anayetafuta kazi.

"Kwa kanuni ya kurahisisha, mkuu," alisema, "mbili kwa mbili huwa moja kwa moja."

Halikuwa neno la uongo. Alilichagua vizuri.

"Gasto, mwanangu," Damiani alisema.

"Humu ndani hakuna mwana wa mtu," alikata Bwana Zefania. "Kuna mwalimu Gasto. Umeandika kosa, ndugu."

"Naomba ruhusa nilete lebo yenyewe. Iliandikwa na watengenezaji. Bwana mkuu ataisoma mwenyewe."

Mkuu alitazama saa, akamruhusu. Alidhani anakwenda maabara. Damiani alikwenda nyumbani, kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya jiko, akamwambia Martha ampe daftari.

Hapa lazima nieleze kosa lake. Mvuke wa asidi ulikuwa ukilegeza lebo, zikidondoka moja baada ya nyingine. Damiani alizibandua zote kabla hazijapotea, akazibandika kwenye daftari azisome nyumbani, na juu ya chupa akapaka rangi ya mafuta kwa alama kama zile wanazokatwa ng'ombe masikioni: mkato mbele, mkato nyuma, tundu katikati, mikato miwili ya juu. Kwao mnyama hakuandikwa karatasi. Mchungaji aliyasoma masikio ya mifugo mia kwa kutazama tu, na aliyeshindwa hakupewa kuchunga. Padre mzee aliona, akacheka, akaacha, kwa kuwa Damiani hakuwahi kutoa chupa siyo.

Martha alilishika daftari asiliachie. "Ukiwapa hili watauliza limetokana na nini."

"Watasoma. Wakisoma wataona."

"Hao hawakukuita ili waone."

"Martha, nipe. Ni neno moja tu limebaki."

Alimpa.

Bwana Zefania alisoma ile lebo. Ilisema Hg₂Cl₂, kwa chapa safi ya kiwandani. Kwa pumzi mbili au tatu Damiani aliamini ameshinda. Kisha mkuu akafungua ukurasa wa nyuma yake, na wa mbele yake, na mwingine.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Kwenye chupa, bwana mkuu."

"Zote?"

"Zilikuwa zinadondoka. Nimeziwekea alama."

Walikwenda maabara wote wanne. Mkuu alipitisha macho kwenye rafu, chupa mia na arobaini zenye mikato na matundu ya rangi nyeusi, hakuna hata moja yenye jina. Alichukua mbili za unga mweupe, alizoonyeshwa na Damiani mwenyewe, akazibadilisha mkono huu na ule nyuma ya mgongo wake, akaziweka mbele ya Gasto.

"Mwalimu wa kemia. Moja dawa, moja inaua. Ipi?"

Gasto alizitazama. Zamani alizijua alama zile, lakini chuo kilikuwa kimempa mambo mengine ya kukumbuka. "Sijui, mkuu," alisema, na safari hii alisema kweli.

"Na wewe, ndugu Damiani, ukifa leo?"

Swali lilikuwa la haki. Angekuja mtu mwema akamwuliza hivyo miaka kumi nyuma, angekaa siku mbili akaandika lebo mpya kwa mkono wake. Hakuna aliyemwuliza mpaka siku walipohitaji kumwondoa.

Muhtasari wa usaili ulisema hivi: amekosa moja katika kumi, na ameharibu mali ya umma. Mkuu alikuwa ameishika lebo kwa mikono yake mwenyewe, na bado ile moja aliiandika kuwa kosa. Kazi alipewa mpwa wake.

Lakini kabla ya kuondoka Damiani aliamriwa afute alama zake zote kwa mafuta ya taa, na kila anapofuta ataje kilichomo, Gasto aandike. Ilichukua siku nzima. Hakuna mwingine duniani aliyejua kilichomo mle, na angeweza kumwita chumvi sumu na sumu chumvi, tena bila shahidi. Hakufanya hivyo. Alitaja moja moja, sauti kavu, na Gasto alibandika.

"Shikamoo, baba," Gasto alikuwa amesema walipobaki peke yao.

Damiani hakuitikia. Katika maisha yake yote ndiyo shikamoo pekee aliyoiacha ianguke chini.

Walipofika kwenye kalomeli, Damiani alifuta tundu na mikato, akasema, "Zebaki na klorini. Yule wa moja."

Kalamu ya Gasto ilisimama.

"Andika," Damiani alisema. "Andika kama ulivyosema mbele ya mkuu wako. Moja kwa moja. Halafu mwakani mtoto akikosea chupa, waambie wazazi wake kanuni ya kurahisisha."

Gasto aliandika Hg₂Cl₂. Aliiandika vizuri, kwa mwandiko wa mwalimu, akaibandika bila kuinua macho.

"Kumbe unajua," alisema Damiani.

"Baba, nina miaka ishirini na minne. Wewe umemaliza yako."

Waliendelea na chupa inayofuata. Mwaka uliofuata Gasto alikwenda chuo kikuu.

Damiani na Martha walirudi Issuna wakalima uwele. Mwaka 1974 watu waliamriwa kuhamia kijiji kipya barabarani, na waliochelewa walibomolewa tembe mbele ya macho yao. Kwenye nyumba ndogo za mistari hapakuwa na ukuta wa kufungia ndama, na mifugo ilikuwa imepungua sana. Karani wa kijiji alipopita kuandikisha watu alimwuliza Damiani cheti cha elimu. Hakuwa nacho. Karani aliandika kwamba hajui kusoma.

"Najua," Damiani alisema.

"Wote mnasema mnajua," karani alijibu, akapita nyumba ya pili.

Kwa hiyo aliwekwa darasa la kisomo cha watu wazima, alasiri tatu kwa wiki, kwenye benchi la magogo. Mwalimu alikuwa Esta, binti wa miaka kumi na saba aliyemaliza darasa la saba, mpole kwa wazee na mwenye fimbo ya kuonyeshea ubao.

"Haya, baba Damiani. Sema: ba."

"Ba," alisema Damiani.

"Be."

"Be."

Wazee wenzake walicheka, maana walimjua. "Huyu alikuwa profesa wa chupa!" mmoja alisema. "Mwalimu, mpe herufi ngumu!" Esta hakuelewa kicheko, akamtetea kwamba kila mtu huanza taratibu.

Agosti 1975 nchi nzima ilifanya mtihani wa kisomo. Damiani alijibu karatasi kwa muda mfupi kuliko wote, mpaka alipofika swali la mwisho, ambalo kwa kijiji chao lilimtaka aandike barua fupi kueleza jinsi kusoma kulivyomsaidia maishani. Aliishika kalamu. Wengine walimaliza, wakatoka, wakakaa nje wakisubiriana. Esta alimsogelea, akamwambia kwa upole kwamba si lazima iwe ndefu, hata mistari miwili inatosha. Damiani alitikisa kichwa. Muda ulipoisha alikabidhi ukurasa ule ukiwa mtupu.

Kwa ajili ya ukurasa ule walimpa hatua ya tatu, chini ya ya nne iliyokuwa ya juu kabisa. Cheti kililetwa kijijini kikiwa na mhuri, jina lake limekosewa herufi moja, na kilikuwa cha kwanza na cha mwisho alichowahi kupata.